Mlingoti Uliofunikwa na Herufi

Kwanza namshukuru Mungu kwamba nnasimama mbele yenu, wagonjwa na marubani, kwa miguu miwili, ijapokuwa mmoja umekuwa mfupi. Pili, naomba leo mtu asiniulize, "Mlingoti mkubwa vile, hukuuona?" Swali hilo limenichosha kuliko maradhi yenyewe.

Mimi ni Nassor, nna duka la vitambaa Mkunazini. Kabla ya ajali nlikuwa mzima wa afya, na furaha yangu ilikuwa kindege changu cha watu wawili. Nlijifunza kurusha Nairobi, nkapasi. Ramani ya marubani siiachi. Hukaa mapajani pangu safari nzima.

Siku hiyo nlikuwa narudi peke yangu kutoka Pemba. Karibu na Bububu mawingu yakashuka. Nkatazama ramani: hapana kitu cha kunizuia pale. Nkashuka chini ya wingu nipate kuiona ardhi. Mara nkasikia mlio kama wa bati linalopasuliwa. Bawa la kushoto limekatwa na waya! Ulikuwa waya wa kushikilia mlingoti wa redio uliosimamishwa kilimani, mrefu kupita mnazi wowote. Nkaangukia mikarafuu, na matawi yake ndiyo yaliyonipunguzia kishindo.

Nlipozindukana, mfupa wa paja ulikuwa umetokeza nje ya ngozi. Mbavu zimevunjika, kila pumzi kisu. Wenye shamba walinibeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, na huko huko njiani mmoja akaniuliza, "Bwana, mlingoti mkubwa vile, hukuuona?"

Hospitali mguu ukatundikwa kwa kamba na mfuko wa mchanga. Kidonda kikafanya usaha. Mgongo ukachubuka kwa kulala chali. Harufu yangu mwenyewe ikanishinda.

Daktari akamwambia dada yangu, "Mguu unaoza. Tuukate kabla haujamuua."

Dada yangu huyo mkubwa, Bi Zuhura, alikuwa akinilisha uji. Akaweka bakuli chini. "Dakta, leo haukatwi. Mpige sindano, kesho uje utazame."

Daktari alikasirika, lakini alinipiga sindano. Kesho yake akaja tena. "Kesho," akasema Bi Zuhura. Akaendelea na kesho zake hizo mpaka homa ikashuka, usaha ukakauka, na daktari mwenyewe akacheka. "Bi Zuhura, umenishinda."

Nlipoweza kutembea kwa magongo, nlikwenda kwenye ofisi inayotoa ramani. Nkamkunjulia karani ramani yangu.

"Nionyeshe mlingoti uko wapi."

Akachukua kioo cha kukuzia. Akatafuta weee! "Huu hapa! Umo."

Umo kweli: nukta ndogo kama kinyesi cha nzi, imefunikwa na herufi moja ya jina Bububu. Urefu haukuandikwa.

"Kwa hiyo nirushe ndege kwa mkono mmoja, wa pili nishike kioo?"

"Bwana Nassor, ramani haina kosa. Umo."

Nlitamani nimtie gongo.

Baadaye ikaja chapa mpya ya ramani. Nkaifungua kwa matumaini. Alhamdulillahi, mlingoti umewekwa wazi, alama nyekundu, na urefu wake! Lakini wenyewe ulikuwa ushang'olewa. Mpya umesimamishwa upande wa pili wa kilima, na ramani haina habari nao. Basi nkauchora mwenyewe kwa wino, kisha nkapita kwa kila rubani nnayemjua nkamchorea.

Namshukuru daktari, na dada yangu zaidi. Wagonjwa wenzangu, msikate tamaa. Mwili ukipewa muda huweza mengi. Nanyi mnaorusha vindege vyenu, ramani isomeni, lakini kabla ya kuondoka waulizeni watu wa huko mwendako kumesimamishwa nini.

Mimi nnarusha tena. Juzi nlipita juu ya kilima kile, juu sana, jua limewaka, mlingoti mpya unang'aa. Nkautukana kwa sauti yangu yote, hakuna aliyenisikia, nkaenda zangu nyumbani kula.