Tundu Nyuma ya Kitanda cha Mwisho

Mchana ule tulikuwapo wodini mimi, mdogo wangu wa mwisho niliyempakata, baba yetu mdogo aliyekataa kuketi, dresa wa kutibu vidonda mwenye koti jeupe, mfagiaji wake, wagonjwa waliojaza vitanda na jamaa zao sakafuni, mwanamke mmoja mrefu aliyeshika kibuyu, na mume wake kwenye kitanda cha mwisho. Namtaja mume wake pia, ingawa tulipoingia alikuwa amekwisha kufa na hakuna aliyekuwa ametambua.

Tulikuwa tumetoka upande wa Tulia, mtoto juu ya punda. Kidonda ndugu kilikuwa kimemla mguu chini ya goti mpaka mfupa ukaanza kuonekana kama jino. Baba na mama walikuwa wamekufa wakifuatana, nami nikaacha shule ya misheni nikiwa bado nasoma kwa kufuata kidole. Tangu hapo kulima na kulea vilikuwa vyangu.

Dresa alikuwa mtu wa pwani. Alifungua majani tuliyofunga juu ya kidonda, akanusa, akakunja uso.

“Mtoto huyu atalala hapa mpaka nyama ipande,” alisema. “Ukimrudisha nyumbani, utamleta tena tuukate mguu.”

“Ni rahisi kukata ya watu,” baba mdogo akamjibu. “Yako yote miwili nakuona umesimama nayo.”

Mfagiaji alimwita dresa kutoka kitanda cha mwisho. Wakainama, wakasemezana kidogo, kisha wakaleta machela. Walimfunika yule mtu blanketi na kumpitisha katikati yetu, wakatoka naye kwa mlango uleule tulioingilia. Upindo wa blanketi uligusa goti la mdogo wangu.

Kwetu mtu akifia ndani ya nyumba hapitishwi mlangoni. Ukuta wa nyuma hubomolewa, akatolewa hapo, kisha tundu likazibwa kwa miiba. Mlango ni wa walio hai. Aliyetolewa kwa mlango ameonyeshwa njia ya kurudi. Wodi ile ilikuwa na mlango mmoja tu.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliinuka. Mzee mmoja ambaye tulidhani hawezi kukaa, alisimama akatoka akishika ukuta. Akina mama walifunga watoto wao mgongoni. Muda si muda vitanda vyote vilikuwa vitupu, na mablanketi yamebaki na maumbo ya waliokuwa wamelala.

“Funga mtoto twende,” baba mdogo alisema.

“Mguu utakatwa, baba.”

“Ukilala humu na huyo, usije bomani kwangu ukiwa naye mgongoni.”

Nilijua kwamba hakuwa akimsema mdogo wangu, bali yule aliyetolewa mlangoni. Akatoka, nikasikia kwato za punda zikienda. Nilimlaza mtoto kitanda cha karibu na mlango, nikaketi. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nikiutazama ule mguu tu.

Jua lilikuwa utosini. Bati lilikuwa likilia kwa joto, na nje hata njiwa walikuwa kimya. Ndipo mtoto akageuza kichwa akatazama mwisho wa wodi.

“Dada, yule baba anatafuta nini?”

“Baba yupi?”

“Yule. Anapapasa ukuta.”

Nilitazama. Niliona chokaa, dirisha dogo, na kitanda. Kamba za kitanda zilikuwa zimebonyea katikati. Nilijiambia vitanda vya zamani hubonyea.

Kivuli kiliingia mlangoni. Alikuwa yule mwanamke mrefu, mke wa marehemu. Mkono mmoja kibuyu, mwingine jembe la bustani ya hospitali, na begani blanketi lililomfunika mumewe.

“Mtoto anasema anapapasa wapi?” aliuliza.

Mimi sikuwa nimemwambia neno. Labda alisikia kupitia dirishani.

Mdogo wangu alionyesha kwa kidole. Mwanamke akaenda mpaka pale, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akaninyooshea jembe.

“Mjane hachimbi. Huchimba mwana wa kiume, nami sikujaliwa.”

“Mimi si mwana wa kiume, mwaitu,” nilisema, nikimwita mama kwa lugha yetu.

“Wewe ndiye mkubwa kwenu. Kazi ya mwana wa kiume unaifanya kila siku. Chimba.”

Nilisogeza kitanda, nikapiga. Matofali yalikuwa ya udongo uliokaushwa juani. Pigo la tatu au la nne likamleta dresa mbio.

“We mama! Huo ni ukuta wa Serikali!”

“Serikali imewahi kufia humu?” mjane alimuuliza.

“Nini?”

“Kama haijawahi, haijui ukuta wa nyuma ni wa kazi gani.”

Dresa akavitazama vitanda vitupu kimoja baada ya kingine. “Daktari akirudi safari nimwambie nini? Panya?”

“Mwambie panya.”

“Panya mwenye jembe!” alisema, na kicheko kikamtoka bila kupenda. Akachukua beseni la maji ya dawa ya rangi ya zambarau, akatugeuzia mgongo, akaanza kuuosha mguu wa mdogo wangu huku akigonganisha vyombo kuliko ilivyohitajika.

Nilichimba. Tofali la mwisho lilianguka nje kabla jembe halijaligusa. Upepo ukapita kutoka mlangoni, ukaenda kwa urefu wa wodi, ukatokea tunduni, ilhali nje hapakutikisika jani. Mjane alipitisha blanketi la mumewe kwenye tundu, kisha kibuyu alichokuwa akimnyweshea, akazunguka nje akaziba kwa matawi ya mwiba. Nilipogeuka, mtoto alikuwa amelala.

Wa kwanza kurudi alikuwa yule mzee. Aliitazama miiba kwa nje, akaingia, akajilaza kitandani kwake kana kwamba alikuwa ameenda kukojoa. Wengine wakafuata. Daktari aliporudi alitaka tundu lizibwe kwa matofali. Wazee wakaja, na watu wa kanisa wakaja, wale waliosema hawaamini mambo hayo lakini wagonjwa wao nao walikuwa wamekimbia. Walikubaliana na daktari pawe na mlango wa pili, wa kutolea tu, na kibanda cha jamaa kupikia. Wanaume walifyatua matofali, wanawake wakateka maji. Tangu hapo watu hukaa mpaka wapone.

Lakini kitanda cha mwisho hakuna aliyekitaka. Akakilalia mjane. Mimi ilinibidi kwenda na kurudi kutafuta chakula, na yeye ndiye aliyemgeuza mdogo wangu, akamwosha, akamshika wakati dresa akikwangua kidonda. Desturi ilimtaka awe kwa shemeji zake, akatakaswe msiba. Walimtumia ujumbe kwamba asipokuja sasa asije tena. Alifunua bandeji, akatazama, akamwambia mjumbe, “Nyama haijapanda.”

Ilipanda. Baba mdogo alitusimamisha nje ya boma, tumeligeuzia jua mgongo, akahesabu vivuli vyetu, ndipo akafungua lango. Mjane hakufunguliwa kwa shemeji zake. Mashamba yake yalikuwa na wengine. Akaenda kwa kaka yake, upande wa Mukuyuni.

Siku ya kuagana nilimuuliza nitamlipa nini.

“Siku nitakaposhindwa kujigeuza kitandani, njoo unigeuze. Uje wewe, usimtume mtu.”

Kiangazi kilichopita nilikwenda, mdogo wangu akitembea mbele yangu kwa miguu yake miwili. Tulimkuta mjane njiani na mzigo wa kuni. Nilimwambia aje akae kwetu, nyumba ipo.

“Unataka kunilaza kabla sijachoka?”

“Nataka kulipa, mwaitu.”

Alicheka, akautua mzigo, akanitwika mgongoni na kunikazia ukanda kwenye paji la uso.

“Nipelekee mpaka nyumbani,” alisema. “Na hayo si malipo. Ni kuni tu.”