Chupa Zisizolala Ndani

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mwanamkasi Mwinyimvua anainua chupa ya plastiki ya lita mbili, anaitazama kwenye mwanga wa dirisha, anasonya. Mkojo uliomo haufiki hata nusu lita.

"Huu ndio wa saa ishirini na nne?" anauliza, ingawa jibu analijua. "Wa Haji, mtu mzima anayeshinda kwenye vumbi? Haiwezekani!"

Mwanamkasi, 41, ni fundi sanifu wa maabara ndogo mjini Bagamoyo. Kazi yake ni kukadiria safari ya urani, metali yenye sumu na mionzi, ndani ya miili ya wafanyakazi kumi na wawili, Haji akiwemo, wa kiwanda kimoja cha kuchekecha mchanga mzito. Vumbi la mchanga huo, lenye chembe za urani, likivutwa, sehemu hubaki mapafuni, sehemu huingia kwenye damu na kujificha kwenye mifupa na figo. Kidogo hutoka na mkojo. Kwenye kompyuta yake kila kiungo ni kisanduku, na mishale huonyesha metali hiyo inatoka wapi na inakwenda wapi. Ukijua kilichotoka kwa siku nzima, hesabu hukurudisha hadi kwenye kiasi cha vumbi lililovutwa.

"Ukiipa kompyuta mkojo wa nusu siku ukaiambia ni wa siku nzima, inakujibu kwa adabu kabisa kwamba mtu huyu yuko salama," anasema. "Haijui imedanganywa."

Mwezi uliopita alimfuata mmoja wao, Najim, 29, hadi nyumbani kwake Mbegani.

"Shikamoo dada," Najim alimwambia, macho chini. "Ile chupa nilikuwa naiacha kazini. Nina chumba kimoja, ndimo ninamosali. Nilaze najisi pembeni ya mswala?"

Mwanamkasi alimwelewa. Naye anasali. Akaja kugundua kuwa wote kumi na wawili walifanya hivyo hivyo, na mkojo wa jioni hadi alfajiri uliishia chooni. Karatasi ya maelekezo, tena ya Kiingereza, iliagiza kila mtu alale na chupa yake. Hakuna aliyejisumbua kuwauliza wanaishije.

Alipomweleza meneja wa kiwanda, alijibiwa: "Waliambiwa, wakashindwa wenyewe. Majibu ni mazuri, tia saini ripoti."

"Mazuri kwa nani?" Mwanamkasi anafoka, kana kwamba meneja yuko mbele yake. "Watu wanaadhibiwa kwa usafi wao!"

Alimpa Najim ndoo yenye mfuniko, ya kuhifadhia chupa uani. Safari hii chupa ilirudi na lita moja na robo. Urani ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza, ikavuka kiwango cha kumwondoa mtu kwenye vumbi. Najim akahamishiwa getini. Wenzake kumi na mmoja bado wanachekecha, na ndoo walizoombewa kwa meneja hazijaja.

Kwa hiyo Mwanamkasi amezinunua mwenyewe. Jumamosi atazipeleka nyumba kwa nyumba, amweleze kila mmoja kwa Kiswahili. Lakini meneja anaitaka ripoti Ijumaa.

"Ataipata," anasema, akifunga chupa ya Haji. "Majina kumi na moja, na mbele ya kila jina nitaandika: hajapimwa. Hapo ndipo nitatia saini."