Diski ya Kutunzia Sauti ya Mke Wangu

Nimewahi kuibiwa simu. Nimewahi kuibiwa viatu mlangoni. Lakini kuibiwa sauti ya mke wangu, tena ndani ya nyumba yangu, hiyo sikuitegemea.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nimechomeka diski mpya kwenye kompyuta, nafungua folda ya rekodi nianze kuzinakili.

Tupu. Hata faili moja hakuna.

Ngoja nieleze. Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa koo, na daktari alituambia mapema kwamba sauti haitarudi. Basi kabla ya siku hiyo akajirekodi: anamsomea binti yetu hadithi, anaimba akiosha vyombo, ananisema kwa kuacha taulo mbichi kitandani.

Rekodi zote zilikuwa kwenye kompyuta kuukuu inayojizima ikijisikia. Nikaapa kutafuta diski itakayozitunza mpaka tuzeeke.

Weee, nilikiona cha mtema kuni.

Muuzaji wa kwanza akasema nichukue ile inayozunguka ndani, ndiyo ya kuweka kabatini. Wa pili akacheka, eti hiyo ikidondoka mara moja tu nimekwisha, nichukue isiyozunguka. Shemeji yangu, mjuaji wa kila kitu, akasema isiyozunguka ukiiacha miaka bila umeme inaweza kupoteza vitu.

Nikamuuliza, sasa ninunue ipi?

"Inategemea," akasema.

Kila niliyemuuliza, inategemea. Nilikereka mpaka nikawa nawanunia watu wasio na kosa. Jioni nazunguka madukani, nikirudi nyumbani nasoma maoni ya wanunuzi kwenye simu, nikiitwa kula naitikia bila kuinua kichwa. Mwishowe nikanunua moja kwa kubahatisha.

Ndiyo maana folda ile tupu ilinipandisha mori. Nikampigia shemeji, kwa sababu juzi aliigusa ile kompyuta. Nikamfokea, akakata simu. Nikamgeukia binti yetu, naye nikamfokea.

Mke wangu akatoka jikoni anafuta mikono. Akasimama mbele yangu, akaanza kuichezesha, haraka haraka. Sikuambulia kitu.

"Mama anasema nini?" nikamuuliza binti.

"Anasema rekodi anazo yeye. Amezihamisha, ziko salama."

"Mwambie azirudishe."

Binti akanitazama kwa mshangao. "Baba, mama anasikia. Mwambie mwenyewe."

Nikaiweka simu mezani. Tangu atoke hospitali, wao wawili walikuwa wakienda kwa mwalimu wa lugha ya alama, na kila mara waliniuliza kama nakuja. Mimi nilikuwa na duka la kwenda.

Mke wangu akainua mikono tena, taratibu safari hii, macho yake kwangu tu. Bado nikamgeukia binti.

"Anasema utapewa zote," binti akasema. "Ila uziombe kwa mikono."

Naandika haya nimetoka darasani. Vidole vyangu ni vizito, na rekodi sijapewa. Jana nilijaribu kuomba, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe nilikuwa nimeomba kijiko.

Wewe unayeumiza kichwa kuchagua diski, nunua mbili, nakili kote, yaishe. Halafu nenda ukakae na huyo unayemtunzia kumbukumbu, maana bado anaongea.