Steringi Hafi

Sisi wapenzi wa sinema wa Temeke tulimwita shujaa wa picha steringi. Neno tulilitoa kwenye mabango, ambako jina la mchezaji mkuu lilitanguliwa na neno la Kiingereza "starring". Tulilielewa kwa namna moja tu: steringi hafi.

Gari la sinema ya bure lilipokuja uwanjani nilikwenda kutazama, kisha nikawahadithia wadogo zangu. Wazazi walikuwa wamekwisha fariki, nami nilikuwa nimeacha shule ili niwalee. Mwaka mmoja kitindamimba wetu alishikwa na surua. Dawa za zahanati hazikushusha homa, na uji aliukataa.

"Dada, nihadithie picha," alininong'oneza.

Nikaanza. Steringi kazingirwa, risasi zimemwishia.

"Hafi huyo," akasema.

"Hafi ng'o. Na humu ndani steringi ni wewe. Haya, kunywa."

Akanitazama. "Mama je? Hakuwa steringi?"

Nikamsogezea kijiko mdomoni. Uji ukamdondokea kidevuni. Nikamwambia picha bado haijaisha. Akameza kijiko kimoja, cha pili akakifumbia mdomo. Nikamfuta kidevu, nikaianza picha upya.