Mshale Uliogoma Katikati

Nisikilize taratibu, hata kama hujawahi kufunua boneti ya gari lolote. Lori kubwa halisimamishwi na nguvu za mguu wa dereva. Linasimamishwa na upepo. Injini inazungusha kompresa, kompresa inasukuma upepo kwenye matangi ya chuma yaliyo chini ya gari, na dereva akikanyaga breki, upepo huo ndio unaokwenda kuyabana magurudumu. Ukipungua upepo, zimepungua breki. Shika hilo tu, mengine yatakuja yenyewe.

Lori letu lilikuwa la jeshi, limestaafu, na kijani chake kilikuwa kimefifia kama jani la kabichi lililosahaulika juani. Katikati ya miaka ya tisini kikundi cha wakulima wa karoti wa Naro Moru kililinunua mnadani. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa dada yangu mkubwa. Mimi nilikuwa dereva, na nusu fundi pia, kwa sababu dereva wa gari kuukuu hana hiari.

Lilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukiwasha injini likiwa na mzigo, mshale wa upepo ulipanda hadi katikati ya geji, ukagoma hapo, na taa nyekundu ikabaki inakutazama. Tukishusha magunia na kulipeleka kwa fundi Nyeri mjini, mshale ulipanda vizuri mpaka mwisho, kama mtoto mtundu aliyeona mgeni. Fundi alinitazama kwa huruma.

"Dere, hii gari haina shida. Ama ni wewe uko na shida?"

Nyumbani nako, wengine walianza kunong'ona kwamba nilikuwa nakwepa safari. Sikuwalaumu sana. Karoti ikishaoshwa haina subira. Ikikaa ndani ya gunia inatoa utelezi, na mnunuzi wetu wa soko la Kenol, kwenye barabara ya Nairobi, hatazami mara mbili. Walipoona mazao yao yakitupiwa ng'ombe tena, wakakubaliana: lori likishindwa kufika Kenol safari inayofuata, litauzwa kama vyuma chakavu.

Asubuhi ya safari hiyo, dada yangu alikuwa nyuma ya lori akifunga turubai. Hakumwachia mtu kazi hiyo. Alisema wanaume hufunga kamba kama wanaofunga mbuzi wa jirani.

"Leo usiniaibishe," akaniambia bila kugeuka.

"Dada, mimi si kompresa."

"Najua. Kompresa haimalizi sufuria yangu ya githeri."

Nikawasha injini. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukagoma.

Watu walikusanyika mbele ya lori. Mzee mmoja, aliyekuwa wa kwanza kutaka liuzwe, aligonga boneti kwa fimbo yake.

"Si uende tu pole pole? Gea itashika."

"Itashika mpaka ishindwe, mzee. Kuna miteremko mingi kabla ya Kenol. Na huu mzigo mgongoni, na nusu ya breki, siendi."

"Basi shusha mzigo, urudi kwa fundi."

"Mzigo pia haushuki."

Walinitazama kama mtu aliyepagawa, lakini nilikuwa nimeamua. Gari lilikuwa linapona kila likishushwa mzigo. Basi hakukuwa na maana ya kulitibu likiwa tupu. Mgonjwa hupimwa akiwa na homa yake.

Kwanza nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, maana gari lisilo na breki haliaminiki hata likiwa limelala. Kisha nikaingia chini na kufungua vizibo vya matangi. Yalitoka maji, si mengi. Hilo ni jambo la kawaida kwetu. Asubuhi za chini ya mlima ni baridi, na unyevu ulio ndani ya upepo hugeuka maji ndani ya chuma. Nikafunga, nikawasha tena. Mshale ukarudi pale pale katikati.

Sasa fuatana nami hapa, ndipo penye siri. Nilizima injini, nikaondoa mguu kwenye breki, nikautazama mshale. Ukaanza kushuka. Kama kompresa ingekuwa imechoka tu, mshale ungetulia pale ulipofikia. Kushuka kwake kulisema kwamba upepo unatengenezwa lakini unatoroka. Na kwa kuwa sikuwa nimekanyaga breki, haukuwa unatorokea kwenye magurudumu. Ukungu ukaondoka akilini: nilikuwa natafuta tundu, na tundu husema.

Lakini nani angelisikia? Wote walikuwa mbele, wakibishana juu ya kompresa.

"Dada, wanyamazishe."

Dada yangu hakupiga kelele. Aliinua mkono kama anayeanza maombi, na hata yule mzee akashusha fimbo. Nikachukua kopo la maji ya sabuni na brashi, nikaanza kutembea kando ya lori, nikipaka kila kiungo cha paipu. Mbele hapakuwa na povu. Katikati hapakuwa na kitu. Nilipofika nyuma sikuhitaji sabuni. Chini ya pindo la turubai kulikuwa na sauti ndogo, kama sufuria ya chai inayokaribia kuchemka.

Nikainua pindo. Lori la jeshi huvuta tela, na nyuma yake kuna koki ya kupeleka upepo kwenye breki za tela hilo. Mkono wa koki ile ulikuwa umetokeza vizuri, unashikika. Na juu yake palikuwa na fundo la dada yangu, limekazwa kwa nguvu zake zote. Kamba ilikuwa imeuvuta mkono juu kidogo, koki ikafunguka kidogo, na kwa kuwa hatukuvuta tela, upepo ulitoka nje. Tukifungua turubai, mkono uliolegea kwa uzee ulianguka wenyewe mahali pake. Ndiyo maana fundi hakuona kitu.

Dada yangu alichungulia.

"Hii chuma imekaa hapa kama imetengenezewa kamba!"

"Imetengenezewa tela."

"Kumbe mwenyekiti ndiye mchawi wetu," yule mzee akasema.

"Mchawi ni wewe uliyetaka tuuze," dada akamjibu, na watu wakacheka mpaka wakaegemea lori.

Akafungua fundo lake. Mkono ukaanguka, sauti ikakatika. Nikawasha injini. Mshale ukavuka katikati, ukaendelea kupanda. Taa nyekundu ilipozima, mzee aliligusa lori kwa kiganja, si kwa fimbo. Dada akafunga kamba upya, safari hii kwenye kulabu ya bodi, akaikaza kuliko mwanzo. Mshale haukutikisika. Nikaondoa mawe, nikajaribu breki tulipoanza kutembea. Zikashika.

Kenol tulifika, mimi na dada, jua likiwa bado juu. Mnunuzi alitoa karoti moja, akaivunja, ikalia "ka!" Akawaambia vijana wake waanze kushusha. Dada yangu akawazuia. Kamba ile angeifungua mwenyewe.

Kwa hiyo, siku upepo wa lori lako ukigoma kupanda, usishushe mzigo kwanza. Weka mawe kwenye magurudumu, zima injini, ondoa mguu kwenye breki, waombe watu wanyamaze, kisha tembea polepole mpaka nyuma kabisa, ukisikiliza.