Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, mdogo wangu alizaliwa bila jina, na siku zake za kwanza duniani alilia kana kwamba analitafuta.

Maneno hayo si yangu, ni ya Dani. Ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa mama, kwa Kiluo. Dani aliamini kwamba mtoto mchanga akilia bila kukoma, kuna mtu wa ukoo aliyetangulia ambaye anataka jina lake lirudi nyumbani. Basi watu huketi na mtoto, wakataja majina ya marehemu moja moja, polepole, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya upande wa baba, lakini mama mzazi wa baba alikuwa mbali, huko ziwani, na mtoto alikuwa analia sasa.

Nyumba yetu ilikuwa Kibera, upande unaotazamana na magorofa ya Nyayo Highrise. Mama alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na kwa kuwa baba alishinda kwenye vibarua vya mijengo, tulihamia kwa Dani, Kawangware 56, ili mama apate mtu wa kumshika mkono. Dani alikuwa na chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la hadiwea, katika ploti ya Mama Njeri, ambaye yeye mwenyewe aliishi mbele, kwenye nyumba ya mawe. Jumapili baba alikuja kutuona, akamkuta mama amejikunja kwa maumivu ya kidonda. Akatoa mfukoni karatasi ya vidonge.

"Hizi ni za nguvu," alisema. "Kwa kemisti wameniambia zile za hospitali ni kama maji."

Mama akameza, na kweli maumivu yakapungua. Lakini kitu kingine kikaingia mahali pake. Alianza kulala usingizi ambao sikuwa nimeuona kwa mtu mzima. Alilala ameketi, kikombe mkononi. Alilala akiwa amefungua macho nusu, akitabasamu kuelekea pale kwenye pembe ambapo pazia lilikutana na ukuta. Asubuhi moja nilimsikia akinong'ona.

"Unaongea na nani, Mama?"

"Na wewe," alisema. "Si umeniita?"

Sikuwa nimemwita.

Majina yalitajwa mchana wa Julai, katika ile baridi ya Nairobi isiyo na mvua wala jua, mchana ambao huwezi kujua ni saa ngapi. Dani aliacha jiko nje, akaweka mtoto mapajani na kunikalisha karibu na mlango. Mama alikuwa amemaliza kumnyonyesha, akaegemea ukuta pale kitandani. Kabla hatujaanza, Mama Njeri alisimama mlangoni na sweta yake ya kanisa.

"Mama Akinyi, hiyo kitu mnafanya si ya Kikristo."

Akinyi ni mama yangu. Dani hakuinua kichwa. "Mama Njeri, nyinyi Wakikuyu mnapea mtoto jina la cucu, nyanya yake, bila kumuuliza. Sisi angalau tunamuuliza."

Mama Njeri alicheka kidogo, hata hivyo hakuondoka.

Dani akaanza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kubembeleza, kama anayebisha hodi kwenye nyumba nyingi. Apiyo, mama ya mama yangu, ni wewe? Mtoto akalia. Awuor, uliyetulea, ni wewe? Mtoto akalia. Auma, je? Mtoto akalia hadi uso ukakunjamana. Dani alikuwa amefika mwisho wa majina aliyoyapanga, akivuta pumzi ili aanze upya, ndipo sauti nyembamba ikatoka kitandani.

"Akoko."

Alikuwa mama. Macho yake yalikuwa yamefungwa.

Na mtoto akanyamaza. Hakupunguza sauti kidogo kidogo kama watoto wanavyofanya. Alikatika, kama redio stima zikipotea. Nilisikia mabati yakigonga juu yetu, na mtu akikata chuma kule hadiwea, na sauti ya kila kitu ilikuwa karibu sana.

"Akinyi," Dani akasema. "Nani amekuambia hilo jina?"

Kichwa cha mama kilikuwa kimeangukia bega. Alikuwa amelala.

Kwa Kiluo, Akoko ni mtoto aliyezaliwa wakati wa makelele. Sijui kama kuna jina lingine la makelele lililowahi kuleta kimya kama kile. Nilikuwa sijalisikia hata mara moja, na nilipofungua mdomo kulijaribu, Dani alinishika mkono kwa nguvu. "Usirudie. Aliyekufa vibaya hatumwiti."

Majirani waliokuja jioni walifurahi. Ametulia, walisema, sasa amepata lake. Dani aliwapikia chai na hakuwaambia ni jina gani. Mtoto alilala. Alilala usiku wote, na kulipokucha alikuwa bado amelala. Mama alimpa titi, maziwa yakamtoka kando ya mdomo na kulowesha shuka. Nilimwinua mkono, nikauachilia, ukaanguka kama mkono wa nguo.

Nilikaa kando yake nikisikiliza pumzi. Ilikuja, ikaacha kuja, halafu ikaja tena, kana kwamba ilikuwa imetoka nje kidogo na mtu. Nikajaribu kushika pumzi yangu pamoja na yake, na kila mara mimi ndiye niliyeshindwa kwanza.

Dani alimfungua kope kwa kidole gumba. Ile sehemu nyeusi ya jicho ilikuwa imebaki nukta, kama alama ya ncha ya kalamu.

"Haangalii huku," alisema. "Anaangalia ndani."

Kisha akapiga magoti, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, akaanza kumsihi Akoko kwa Kiluo. Ndivyo Mama Njeri alivyotukuta. Alimtazama mtoto mara moja tu.

"Midomo yake imebadilika rangi. Amka, tunaenda hospitali."

"Nikimtoa kabla hajaachiliwa, ataenda naye."

"Nani?"

"Akoko."

Mama Njeri alikuwa tayari ameshamfunga mtoto kwa leso. "Basi mwambie huyo Akoko aingie kwa gari na sisi. Nafasi iko."

Dani akasimama. Nafikiri hadi leo kwamba hakuna hoja nyingine ambayo ingemwinua. Tulipofika kwenye pikapu ya Mama Njeri, tukimkokota mama aliyesinzia, Dani aliacha nafasi kando yake, mimi nikakatazwa kukaa hapo.

Hospitalini walimwekea mtoto hewa ya mtungi na kuuliza maswali mengi kwa haraka. Amekuwa na joto? Ameanguka? Kisha daktari akamgeukia Dani, kwa sababu ya umri wake na lafudhi yake. "Cucu, mmempa dawa ya kienyeji?"

"Nimempa jina tu," Dani alisema.

Pamoja na daktari alikuwapo mfamasia wa wadi, mwanamke kijana ambaye kazi yake, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa kupita kwa kila mgonjwa na kuangalia dawa zinafanya nini ndani yake. Alimulika jicho la mtoto. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifanya: aligeuka, akamtafuta mama, aliyekuwa anasinzia ukutani, akamulika la mama pia.

"Mama, na wewe unameza nini?"

"Mimi si mgonjwa."

"Najua. Lakini mtoto ananyonya. Unameza nini?"

Mama alifungua pindo la leso akatoa ile karatasi. Mfamasia alisoma nyuma yake, na uso wake ukabadilika. "Daktari, ni kodeini," alisema. Halafu akatuambia sisi, polepole, akimtazama Dani kama anavyotazamwa mtu wa kuamua. Mwili huichukua kodeini na kugeuza sehemu yake kuwa mofini, dawa kali ya maumivu na usingizi. Kwa watu wengi ni kidogo tu. Kwa wachache, ini hufanya kazi hiyo kwa haraka mno, na mofini hujaa damuni, ikaingia kwenye maziwa.

"Mtoto amekunywa usingizi wa mama yake," alisema.

Wakaandaa sindano ya kuivunja nguvu dawa hiyo. Nakumbuka Mama Njeri akiomba kwa Kikuyu, macho yamefumbwa. Nakumbuka Dani akishika unyayo wa mtoto na kunong'ona, Akoko, mweke chini, si wako. Sindano ikaingia. Punde, mtoto akavuta hewa kama aliyetoka majini, akalia. Kila mmoja pale alikuwa na sababu ya kuamini kwamba amesikilizwa.

"Msifurahi sana," mfamasia alisema. "Hii dawa huisha upesi kuliko ile. Usingizi unaweza kurudi kumchukua."

Alimaanisha tu kile alichosema. Lakini Dani alielewa, na mimi nikaelewa, na tukakaa macho pande mbili za kile kitanda kidogo kana kwamba tunalinda mlango. Ulirudi mara moja, alfajiri, wakauondoa tena. Baada ya hapo haukurudi. Kanisani alibatizwa Neema, na jina lile lingine halikutajwa tena nyumbani.

Nilikuwa chuoni, nikisomea uandishi, mfamasia yule alipompigia mama simu. Sasa alikuwa kwenye utafiti wa jinsi miili ya watu mbalimbali inavyozigeuza dawa, na alikuwa hajamsahau. Alitaka damu ya mama, na ya sisi wengine kama tungekubali. Dani alisisitiza kuja, mzee tayari, akitembea kwa kunishika bega.

Mfamasia alieleza kwamba haraka ile ya ini hurithiwa. Haionekani usoni wala haiumi, inapita tu kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na mtu anaweza kuishi nayo maisha yote bila kuijua. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayefuata maswali yake, kama kuna yeyote katika ukoo aliyewahi kupewa dawa ya maumivu au ya kikohozi akalala kupita kiasi.

Mama akasema hapana. Dani akanyoosha gauni lake magotini.

"Dada yangu," akasema mwishowe. "Alikuwa amezaa. Kifua kilimsumbua, wakamnunulia dawa tamu ya chupa. Akalala na mtoto juu ya kifua. Hawakuamka wote wawili. Watu walisema ameitwa." Akakunja mikono. "Akoko."

Mfamasia aliweka kalamu chini. "Siwezi kukuambia ni hiyo, mama. Hatuna damu yake ya kupima."

"Sijauliza," Dani alisema. "Nilitaka tu mtu amsikie."

Majibu yalikuja baadaye. Mama ana haraka hiyo. Neema anayo. Mimi pia. Alichokisikia mama mchana ule bado sijui. Anaapa hakuwahi kuambiwa jina lile, na Dani anaapa hakuwahi kulitamka mbele yake. Labda lilitamkwa kwa kilio juu ya kichwa cha mama akiwa mchanga, na dawa ikalifukua. Ninaweza kuamini hivyo mchana. Lakini nikifikiria ile sauti nyembamba kutoka kitandani, najiuliza kama mtu aliyetoka pabaya hawezi kuja kusimama kwenye pembe ya chumba, akisema jina lake mwenyewe, kwa sababu ndilo onyo pekee alilo nalo, na sisi tukadhani amekuja kuchukua.

Nikiingia hospitali leo wauguzi huniuliza dawa ambayo sipaswi kupewa. Kodeini, nasema. Wakiuliza nimejuaje, mimi huwaambia kwamba dada ya nyanya yangu alikufa nayo, aliitwa Akoko. Muuguzi huandika kodeini. Akoko hana mahali pa kuandikwa, nami hulitaja jina lake hata hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama jina la mtu wa nyumbani.