Tangi la Pijo ya Baba

"Huyo mtoto wa Kirundi atatuchomea mtaa." Ndivyo walivyosema majirani zetu wa Rusimbi siku nilipolishusha tangi la gari la baba kwa mikono yangu, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Harufu yake ninayo puani hadi leo. Haikuwa ile kali ya petroli mbichi. Ilikuwa ya petroli iliyolala gizani mwaka mzima, nzito na chachu, kama vanishi kuukuu iliyochanganyika na kutu. Walisema nitalitoboa, walisema nitakimbia kabla ya Ijumaa. Sikukimbia. Nilikuwa nimekwisha kukimbia mara moja, kutoka Burundi, na hiyo ilinitosha.

Baba alikuwa dereva wa teksi Buyenzi, mjini Bujumbura. Vita vilipotufikia alitupakia mama, mdogo wangu Zaina na mimi katika Pijo 404 yake, tukavuka mpaka wa Manyovu na kuteremka hadi kwa mjomba, aliyekuwa ameoa Rusimbi, mjini Kigoma. Siku ya tatu baba aliliacha gari, akapanda lori kurudi kumchukua bibi, ambaye miguu yake haikumchukua tena. Hakurudi. Gari likabaki nyuma ya nyumba, mdomo wa tangi umezibwa kwa gunzi la muhindi, kwa kuwa mfuniko ulipotea njiani. Masika yakanyesha na maji yakaingia. Mama hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Likitembea, mwana wanje, mwanangu, tutapanda Manyovu kuwaulizia kwa wanaovuka. Kwa basi haifai. Tukiwapata, bibi yako tutamrudishaje?" Tangu hapo sikuwa na haja ya michezo.

Fundi Saidi, Mjiji mwenye gereji ya mabati karibu na kwetu, aliligonga tangi kwa kidole na kusikiliza. "Limeoza. Wapelekee wauza vyuma."

"Shikamoo, fundi. Nielekeze tu, nitafanya mwenyewe."

"Marahaba. Utafanya mwenyewe! Spana namba kumi na tatu ni ipi?"

Nilimwonyesha. Akacheka, lakini akanielekeza.

Nilikwenda ufukweni Ujiji kuokota kokoto za ziwani zenye ncha, nikazimimina tangini, nikalifunga tangi kwa magunia na kulibingirisha uani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kelele zake zilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Watoto walikuja kuniuliza kama nasaga unga wa chuma. Kisha nikaweka maji ya betri kuukuu, nikalisuuza tangi kwa majivu na maji ya ziwa ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama wiki tatu. Palipokuwa na matundu fundi aliziba kwa risasi ya kuyeyusha, tangi likiwa limejazwa maji ili mvuke wa petroli usilipuke. Wakati wote huo sikumbuki kuwaza chochote. Nilikuwa mikono tu.

Kulipaka ndani, lisishike kutu tena, ndiko kulikotushinda. Huko watu wamelelewa na mitumbwi, na mtumbwi unaovuja huzibwa kwa pamba na lami. Kila aliyepita alisema lami, mjomba akasema lami, fundi Saidi, mtoto wa mvuvi, naye akasema lami. Nikaichemsha, nikaimimina, nikaligeuzageuza tangi hadi likang'aa ndani kama ngozi ya kambare. Tulipotia petroli, siku ya pili injini ikakohoa na kuzima, na kabureta likatoa uji mweusi. Maji ya ziwa hayaiyeyushi lami, petroli huiyeyusha. Hakuna aliyewahi kuegesha mtumbwi kwenye ziwa la petroli.

"Basi, tuliache," fundi akasema. Safari hii hakucheka.

Nililiosha kwa mafuta ya taa siku nne. Kisha nikatembea hadi bandarini Kigoma, nikawauliza wapaka rangi wa meli wanapaka nini ndani ya matangi ya dizeli. Ni mimi niliyefikiri hivyo, si mtu mwingine. Mmoja wao alinipa masalio ya rangi ya makopo mawili, ile isiyokauka mpaka uichanganye. "Ukichanganya usipige soga," alinionya, "inaganda kama kiapo." Nikaichanganya, nikaimimina, nikalizungusha tangi taratibu kila upande, nikamwaga iliyozidi na kuliacha juani wiki nzima.

Tulipanda Manyovu, fundi Saidi akiendesha. Milima yote ile, gari halikukohoa hata mara moja. Mpakani tulimkuta kinyozi wa mtaa wetu wa Buyenzi amekalia furushi lake. Alimtazama mama, akavua kofia.

"Mama Juma, usisubiri. Tuliwazika wote wawili siku moja."

"Wapi?" mama akauliza.

Akamweleza. Fundi Saidi alisema maneno ya msiba kwa sauti ya chini. Mimi nilizunguka nyuma ya gari, nikapitisha kiganja chini ya tangi. Kilikuwa kikavu. Tukarudi Rusimbi kabla jua halijazama, kiti cha nyuma kikiwa na nafasi.

Amani iliporejea nilirudi Buyenzi, nikasoma, nikapata diploma ya ufundi wa magari nikiwa wa kwanza darasani. Gereji ninayofanyia kazi leo ni yangu, kuanzia msingi hadi bati. Kazi ile ya wiki sita naimaliza kwa siku mbili: nina mashine ya mvuke, nina kamera ndogo ya kuchungulia ndani, na rangi naagiza ikiwa mpya. Wenye magari ya kale huniletea kutoka mbali, na hakuna tangi langu lililowahi kurudi. Mteja akija kuchukua gari, humuuliza anakwenda kumchukua nani. Wengi hucheka. Wengine hudhani nawachunguza. Nangoja hadi anijibu, kisha namkabidhi ufunguo.